Sikio la Profesa Higgins: Filamu ya Pygmalion (1938) na Fundisho Lake kwa Mwanafunzi wa Lahaja, kwa Kurejelea Kitikuu cha Kizingitini

Ikisiri

Makala haya yanachambua filamu ya futuhi ya Uingereza iitwayo Pygmalion (1938), iliyotokana na tamthilia ya George Bernard Shaw yenye jina hilo hilo, kwa mtazamo wa isimujamii. Yanadai kwamba kicheko cha filamu hii kinajengwa juu ya imani moja: kwamba lafudhi ya mtu hutosha kumtambulisha asili yake na thamani yake. Filamu yenyewe inaionyesha imani hiyo kisha inaikosoa. Hoja hii inahusishwa na hali ya Kitikuu, lahaja ya Wabajuni wa Kizingitini na visiwa vya jirani, ambayo wazungumzaji wake wamepimwa kwa lafudhi darasani na hata mbele ya mabaraza ya uhamiaji barani Ulaya. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna mwanafunzi wa Kiswahili anavyopaswa kuikabili lahaja.

1.0 Utangulizi

Huenda msomaji akauliza: filamu kongwe ya Waingereza, isiyo na neno hata moja la Kiswahili, ina kazi gani katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Swali hili ni la haki na linastahili kujibiwa mwanzoni.

Kwanza, drama ya Kiingereza si ngeni katika madarasa yetu. Tangu Mwalimu Julius Nyerere alipochapisha tafsiri zake za Shakespeare, yaani tafsiri ya Julius Caesar (1963) na Mabepari wa Venisi (1969), tamthilia za huko zimesomwa na kujadiliwa kwa Kiswahili. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, Pygmalion ni miongoni mwa kazi chache za sanaa ambazo mhusika wake mkuu ni mwanafonetiki. Mambo tunayoyasoma katika kozi za fonetiki, lahajia na isimujamii ndiyo yanayousukuma msuko wake mbele. Mwanafunzi anayeitazama huona somo lake likitembea na kusema.

Tatu, suala linalozungumziwa na filamu hii ni letu pia. Waswahili wana mazoea ya kumsikia mtu akitamka maneno mawili au matatu kisha wakasema: huyu ni wa Pemba, huyu ni wa Mombasa, yule ametoka bara. Mazoea hayo hayana ubaya yanapokuwa mzaha wa barazani. Yanapogeuka kuwa hukumu, mambo hubadilika. Kizingitini, mji wa wavuvi ulioko kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Pate katika Kaunti ya Lamu, umechaguliwa hapa kwa sababu lahaja ya watu wake imeipitia hukumu hiyo kwa njia ambayo Shaw mwenyewe asingeweza kuibashiri.

2.0 Tamthilia na filamu yake

Jina Pygmalion limetokana na kisa cha kale cha mchongaji wa Kipro aliyeipenda sanamu aliyoichonga kwa mikono yake. Kisa hicho kilisimuliwa na mshairi wa Kirumi Ovid. George Bernard Shaw, mwandishi wa Kiayalandi aliyezaliwa Dublin mwaka 1856, alikichukua na kumgeuza mchongaji kuwa profesa wa fonetiki, na sanamu kuwa msichana maskini muuza maua. Tamthilia yake ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1913, kwa tafsiri ya Kijerumani, kisha ikaonyeshwa London mwezi wa Aprili 1914.

Muhtasari wake ni huu. Usiku mmoja wa mvua, katika eneo la Covent Garden jijini London, Profesa Henry Higgins anasimama nyuma ya umati akiandika kwa alama za kifonetiki kila analolisikia. Anawashangaza watu kwa kuwatajia mahali walikozaliwa. Miongoni mwa waliopo ni Eliza Doolittle, muuza maua anayesema Kiingereza cha mitaa ya makabwela wa London. Siku ya pili Eliza anafika nyumbani kwa Higgins akitaka afundishwe kusema vizuri ili aajiriwe katika duka la maua, kwa kuwa kwa lafudhi yake hakuna duka litakalomkubali. Kanali Pickering, ambaye naye ni mpenzi wa isimu, anawekeana dau na Higgins: je, anaweza kumfanya msichana huyu apite kuwa bibi wa tabaka la juu mbele ya wakubwa wa nchi? Higgins anakubali, Eliza anafundishwa, na dau linashindwa na Higgins. Kisha linazuka swali ambalo hakuna aliyelifikiria: sasa Eliza afanywe nini?

Filamu ilitayarishwa na Gabriel Pascal na kuongozwa na Anthony Asquith pamoja na Leslie Howard, ambaye ndiye aliyeigiza nafasi ya Higgins. Wendy Hiller aliigiza nafasi ya Eliza, na Wilfrid Lawson nafasi ya baba yake, Alfred Doolittle, mzoa taka mwenye falsafa zake. Kazi ya kuhariri picha ilifanywa na David Lean, ambaye baadaye alikuja kuwa mwongozaji mashuhuri. Mswada wa filamu ulimpatia Shaw na wenzake tuzo ya Oscar mwaka 1939. Kwa kuwa alikwisha kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1925, Shaw akawa mtu wa kwanza kuzipata tuzo hizo mbili. Wengi wetu hukifahamu zaidi kisa hiki kupitia My Fair Lady, mchezo wa nyimbo wa mwaka 1956 uliofanywa filamu mwaka 1964. Hata hivyo, filamu ya 1938 ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono wa Shaw.

3.0 Kutoka jukwaani hadi skrini

Mwanafunzi wa fasihi atanufaika akizingatia yale ambayo filamu iliyaongeza juu ya tamthilia. Jukwaa lina mipaka. Katika tamthilia ya awali, hadhira haioni namna Eliza anavyofundishwa siku baada ya siku, wala haioni hafla kubwa ambayo dau linaamuliwa. Mambo hayo hutokea nje ya jukwaa na hadhira huyapata kwa kusimuliwa au kudokezwa.

Filamu iliyaleta yote mawili mbele ya macho. Tunaona mafunzo: mashine za kurekodia sauti, vokali zinazorudiwa hadi usiku wa manane, gololi zinazotiwa mdomoni ili msichana ajitahidi kutamka waziwazi. Picha fupifupi zinafuatana upesi, na mtazamaji anapata kuhisi uchovu wa Eliza. Hapa filamu imefanya jambo ambalo maneno ya jukwaani yasingeliweza kwa wepesi: imeonyesha kwamba lafudhi hukaa mwilini. Ni kazi ya ulimi, midomo, pumzi na mazoea ya miaka. Kuibadili ni kuubadili mwili, na mwili huumia.

Nyongeza ya pili ni dhifa ya ubalozini. Shaw aliiandika kwa ajili ya filamu, kisha akaitia katika chapa ya tamthilia iliyotoka mwaka 1941. Ndani yake yumo mhusika mpya, Karpathy, mwanafunzi wa zamani wa Higgins anayejisifu kuzijua lugha nyingi na kuwafichua wadanganyifu kwa kuwasikiliza tu. Tutamrejea baada ya punde, kwa kuwa ndiye mhusika muhimu kuliko wote kwa hoja ya makala haya.

Badiliko la tatu ni mwisho. Shaw hakutaka Eliza aolewe na Higgins. Katika maelezo aliyoyachapisha baada ya tamthilia, aliandika kwamba Eliza aliolewa na kijana Freddy na wakafungua duka la maua. Watengenezaji wa filamu walitaka mwisho utakaowapendeza watazamaji, na katika onyesho la mwisho Eliza anarudi nyumbani kwa Higgins. Badiliko hili lina uzito. Katika maandishi ya Shaw, sanamu inamtoka mchongaji na kwenda zake. Katika filamu, inarudi kwake.

4.0 Kicheko kinatoka wapi?

Futuhi huzaliwa pale mambo mawili yasiyopatana yanapokutana. Katika Pygmalion yapo maonyesho matatu yanayofaa kuchunguzwa.

La kwanza ni lile la Covent Garden. Umati unamshuku Higgins kuwa ni askari wa siri kwa sababu anaandika maneno ya watu. Shaka yao inachekesha, lakini si ya kipumbavu. Maskini wanajua kwamba mwenye daftari, anayeandika asemavyo mtu, ana uwezo juu ya huyo mtu. Higgins anadhani anafanya sayansi, nao wanaona mamlaka. Wote wana haki.

La pili ni karamu ya chai nyumbani kwa mama yake Higgins. Eliza amekwisha kujifunza kutamka, lakini hajafundishwa la kusema. Kwa lafudhi safi ya watu wa juu, anazungumzia hali ya hewa kama mtu asomaye utabiri, kisha anaingia katika kisa cha shangazi yake ambaye, kwa maoni yake, hakufa kwa maradhi bali aliuawa na jamaa. Anapoondoka anatoa neno la matusi lililoitikisa London mwaka 1914 lilipotamkwa jukwaani. Kinachochekesha ni pengo kati ya matamshi na maudhui. Sauti ni za Mtaa wa Wimpole, habari ni za Lisson Grove. Kwa istilahi zetu, Eliza ana umilisi wa kifonolojia bila umilisi wa mawasiliano. Mwalimu yeyote wa lugha ya pili atalitambua tatizo hili.

La tatu ni dhifa ya ubalozini. Karpathy anatumwa amchunguze Eliza. Anamsikiliza kwa makini, kisha anatangaza kwa kujiamini kwamba amemgundua: msichana huyu si Mwingereza kamwe, kwa kuwa Kiingereza chake ni safi mno. Mwingereza wa kweli hasemi vizuri hivyo. Basi ni mgeni aliyefundishwa, na zaidi ya hayo ni binti wa kifalme wa Hungaria. Mtaalamu ametumia sikio lake, ametumia mantiki, na amekosea kabisa. Ametambua jambo moja la kweli, yaani kwamba lugha ya Eliza ni ya kufundishwa. Kutoka hapo akaruka hadi kwenye asili na uraia wake, na hapo ndipo alipoanguka. Ukumbi unamwamini, kwa sababu yeye ndiye mtaalamu.

Lafudhi kama vazi la kuvaliwa si jambo geni katika futuhi ya Kiswahili. Kwa miaka mingi watazamaji wa Kenya walimfurahia Mzee Ojwang katika kipindi cha Vitimbi, akisema Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Aliyeigiza nafasi hiyo, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Wapo waliomdhania kuwa Mjaluo kwa kumsikia tu. Karpathy angalidhani vivyo hivyo. Mfano huu watufundisha kwamba lafudhi inaweza kujifunzwa, kuvaliwa na kuvuliwa, na kwamba kuisikia si sawa na kumjua mwenye nayo.

5.0 Kizingitini na lahaja yake

Tugeukie sasa Pate. Higgins anajisifu kwamba jijini London anaweza kumtambua mtu kwa tofauti ya mitaa michache. Kisiwa cha Pate kingempendeza. Ni kisiwa kidogo, nacho kina Kipate katika mji wa Pate, Kisiu katika mji wa Siyu, na Kitikuu, kiitwacho pia Kibajuni, katika Faza, Kizingitini, Mbwajumwali na Tchundwa. Mvuvi wa Kizingitini akisafiri kwa mashua hadi Amu hukuta lahaja ya nne, Kiamu, ambayo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya tenzi za kale.

Tofauti za lahaja hizi zina kanuni. Tuchukue mfano mmoja wa sauti. Pale ambapo Kiswahili sanifu kina mtu, tatu na tano, Kitikuu kina mchu, chachu na chano. Yaani /t/ ya sanifu inalingana na /ch/ ya Kitikuu. Katika Kiamu tunaona mwelekeo ulio kinyume, japo katika maneno mengine: pale sanifu penye chini, nchi na macho, Kiamu kina tini, nti na mato. Asiyejua kanuni husema kwamba Mbajuni "hawezi" kutamka /t/ na kwamba Mwamu "hawezi" kutamka /ch/. Ajuaye husema kwamba kila lahaja imepita njia yake ya kihistoria, na kwamba ulinganifu huo ndio ushahidi unaowawezesha wanaisimu kuijenga upya historia ya Kiswahili. Kazi kama ya Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, Swahili and Sabaki (1993), isingewezekana bila lahaja za aina hii.

Kitikuu kina pia hazina ya sanaa. Wakulima wa Kibajuni wana vave, nyimbo zinazoambatana na kazi ya kufyeka na kuchoma mashamba. Mabaharia na wavuvi wana kimai, utungo wa habari za bahari. Kutoitambua lahaja hii ni kuufunga mlango wa fasihi hiyo.

Kwa nini basi Kitikuu kikabaki nje? Hapa tarehe zinasema. Sacleux alichapisha sarufi yake ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909. Stigand alichapisha kitabu chake cha Kiingereza kuhusu tofauti za lahaja zetu mwaka 1915, mwaka mmoja baada ya Eliza kupanda jukwaani London. Huo ulikuwa wakati wa madaftari ya kina Higgins, wasomi wa Ulaya waliozunguka wakiandika sauti za watu. Kisha ukaja wakati wa kuchagua. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kuisimamia kazi hiyo. Ni mwaka huo huo wa 1930 ambapo Shaw, mtunzi wa Pygmalion, alishika uenyekiti wa kamati ya shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, iliyowashauri watangazaji kuhusu matamshi. London na Afrika Mashariki zilikuwa zikiamua, kwa wakati mmoja na chini ya dola moja, ni sauti ya nani itakayosikika kuwa ndiyo sahihi.

Usanifishaji ulikuwa na faida ambazo hatuwezi kuzikana. Bila huo, jarida hili lisingesomwa kutoka Lamu hadi Bukavu. Lakini usanifishaji ni uteuzi, na uteuzi si uthibitisho kwamba kilichoachwa kilikuwa kibovu.

6.0 Sikio la mtaalamu mbele ya baraza

Wabajuni hawaishi Kenya tu. Makazi yao yanaanzia Pate na bara inayoielekea, yanapita Kiunga na Ras Kiambone, hadi visiwa vya Chovai, Chula na Koyama na mji wa Kismayu, nchini Somalia. Mpaka unaoyakata makazi hayo ni mchanga kuliko watu wenyewe. Jubaland ilikuwa sehemu ya koloni la Kenya mpaka mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi kwa Italia. Vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 viliwafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara, wakakimbilia visiwani na Mombasa. Dola ya Somalia iliposambaratika mwaka 1991, Wabajuni wa huko walishuka kusini, na baadhi yao waliishi katika kambi za Mombasa. Wengine walifika Ulaya kuomba hifadhi.

Huko walikutana na Higgins. Katika nchi kadhaa za Ulaya kulikuwa na utaratibu wa kumrekodi mwombaji hifadhi akizungumza, kisha kuipeleka sauti yake kwa wachanganuzi ili waseme ametoka wapi. Kwa Mbajuni swali lilikuwa zito: je, ni Mbajuni wa Somalia, aliyekimbia vita, au wa Kenya, anayetafuta maisha? Yaani ni wa Chovai au wa Kizingitini? Mwaka 2010 baraza la rufaa la uhamiaji nchini Uingereza liliamua kesi ya mtu aliyedai kuwa Mbajuni wa Somalia, na katika uamuzi huo ripoti za kampuni ya uchanganuzi wa lugha yenye makao yake Uswidi zilipewa uzito mkubwa. Mwaka 2014, katika kesi nyingine za watu waliodai kutoka Somalia, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitia tahadhari: ripoti za namna hiyo zinaweza kupokelewa kama ushahidi, lakini mchanganuzi sharti aonyeshe ujuzi wake katika jambo analolisemea, asivuke mipaka ya ujuzi huo, na kila kesi ipimwe kwa ushahidi wote uliopo.

Wanaisimu wenyewe walikwisha kuonya. Mwaka 2004 kikundi cha wataalamu kutoka nchi mbalimbali kilitoa mwongozo unaosisitiza kwamba lugha huonyesha mahali mtu alipokulia na watu aliochangamana nao, lakini uraia ni jambo la kiserikali ambalo sauti haiwezi kulithibitisha peke yake.

Tumpe mwombaji mfano wa kubuni. Mtoto anazaliwa Chovai. Akiwa na miaka mitano wazazi wake wanakimbia naye hadi Mombasa. Anasoma chuoni kwa mwalimu wa Kiamu, anacheza na watoto wa Kimvita, anasikiliza redio ya Kiswahili sanifu, na likizo anakwenda kwa ndugu wa mama yake Kizingitini. Akifika Ulaya ana miaka ishirini. Anapomwona afisa mgeni, anafanya lile ambalo kila Mswahili hulifanya: anaacha lahaja ya nyumbani na kusema Kiswahili cha adabu, kilicho karibu na sanifu. Mchanganuzi anasikia Kenya, na hakukosea katika alichokisikia. Anakosea pale anaposema kwamba basi mtu huyu si wa Somalia. Ni mruko ule ule wa Karpathy, lakini safari hii hakuna anayecheka, na mwisho wake ni ndege ya kurudishwa.

Haifai kuhitimisha kwamba uchanganuzi wa lugha hauna maana yoyote. Ukifanywa na mtu aliyekijua Kitikuu kwa undani, unaweza pia kumtetea msema kweli dhidi ya afisa asiyemwamini. Hapo ndipo penye uzito kwetu: ni wangapi waliokijua Kitikuu kwa undani huo? Pengo la utafiti wa lahaja zetu si pengo la maktaba tu.

7.0 Fundisho kwa darasa

Turejee nyumbani. Katika maswali ya ushairi ya shule za sekondari nchini Kenya, mtahiniwa huweza kuulizwa aeleze jinsi mshairi alivyoutumia uhuru wake. Akitaja kwamba mshairi ametumia maneno ya kilahaja kama mato au nti, hutuzwa alama. Mwanafunzi huyo huyo akiliandika neno la lahaja yake katika insha, hukatwa alama. Kwa hiyo mtoto wa Kizingitini hufundishwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba lahaja za kaskazini ni pambo la marehemu washairi, na kwamba katika kinywa chake yeye aliye hai ni kosa.

Eliza alisema jambo linalofaa hapa. Anamweleza Pickering kwamba kilichomfanya bibi si matamshi aliyofunzwa na Higgins bali heshima aliyopewa na Pickering tangu siku alipomwita kwa jina la heshima. Katika tamthilia analalamika pia kwamba ameisahau lugha yake ya awali na hawezi tena kurudi alikotoka. Higgins alimfundisha lugha mpya kwa kuidharau ile ya kwanza. Alimwongezea kitu kimoja na kumpokonya kingine, kisha akashangaa kwamba hakushukuriwa.

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kufuata njia tofauti. Afundishe sanifu kwa ukamilifu, kwa kuwa mwanafunzi anaihitaji kwa mitihani, kazi na mawasiliano ya eneo zima. Lakini aifundishe kama nyongeza. Mwanafunzi akisema chano, mwalimu amwambie: "Kwenu ni chano, katika sanifu ni tano, je, waweza kututajia maneno mengine yenye ulinganifu huo?" Kwa swali hilo moja, kilichokuwa kosa kimekuwa data, na mwanafunzi aliyekuwa akichekwa amekuwa mtoa habari wa darasa zima. Huo ni mwanzo wa isimu linganishi, na hauhitaji mashine wala gololi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Pygmalion si futuhi ya kuwacheka wasemao vibaya. Shaw aliyaelekeza macho ya hadhira kwa wanaosikiliza: Higgins anayesikia vokali asisikie machozi, wageni wa karamu wanaosikia lafudhi wasisikie kisa cha mauaji, na Karpathy anayesikia kila kitu na kukosea. Filamu ya 1938 ililiongezea hilo nguvu kwa kutuonyesha mafunzo na dhifa, ingawa ilidhoofika ilipomrudisha Eliza kwa mwalimu wake.

Kwa upande wetu, Kitikuu cha Kizingitini kinasubiri wanafunzi watakaokwenda na daftari. Tofauti na Higgins, wakae barazani kabla ya kuandika, waombe ruhusa, na waandike pia majina ya samaki, pepo, vyombo na nyimbo, si sauti peke yake. Wakirudi, watakuwa na la kusema darasani, na siku ikihitajika, mbele ya baraza pia.

Maswali ya kujadili

1. Linganisha onyesho la karamu ya chai na mazungumzo ya mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Tofautisha umilisi wa kifonolojia na umilisi wa mawasiliano.

2. "Usanifishaji ni uteuzi." Jadili kauli hii kwa kurejelea mkutano wa Mombasa wa 1928 na nafasi ya lahaja za kaskazini.

3. Karpathy alifanya mruko gani wa kimantiki? Toa mfano wa mruko kama huo katika jamii yako.

4. Chagua lahaja moja ya Kiswahili uliyo karibu nayo. Kusanya maneno ishirini, uyalinganishe na sanifu, na uonyeshe kanuni moja ya ulinganifu wa sauti.